Mungu wa Nyama na Mifupa

Mutakura, Bujumbura, 8 Agosti 1993

Kwa Baba mukubwa Aloys, kule Kigoma,

Barua hii ikukute umeketi na umekula, na mama mukubwa akiwa karibu akusaidie pale mwandiko wangu ni mubaya. Sisi hapa tuko wazima. Baba anakohoa kama kila mwaka wakati vumbi inapanda, lakini anatembea, anagombana na redio, anasema kaka yake Aloys angerudi aone uchaguzi umepita bila damu. Mi bado nafanya usafi ku hopitali. Mwezi wa sita walinihamisha, sasa niko ku morgue, chumba ya maiti. Usiogope. Naosha, nafunika, naandika namba, narudi nyumbani.

Musalimie Télesphore. Aliniandikia eti amekuwa murefu kupita we, baba yake. Mimi niliyembeba mugongoni miaka tatu nilipokuwa kwenu, nitaamini nikimuona.

Sasa neno yenye imenifanya niandike. Baba alisema nisikuambie, lakini we ndiye ulinifundisha kusali, nikikuficha ni kama nimekuibia. Jumamosi tarehe kumi na saba mwezi wa saba nilibatizwa tena, mwili muzima mu maji ya ziwa, mu kanisa ya Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengine wanatuita Wamormoni. Tuko watu ishirini na kitu, na muzee mumoja muzungu na bibi yake wanatufundisha.

Wanafundisha hivi. Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, wa kugusika kama wangu, ila hauzeeki na haufi. Yesu naye ana wake. Roho Mutakatifu peke yake hana mwili wa namna hiyo, ndiyo maana anaweza kukaa ndani yetu. Ni watatu kweli kweli, si mumoja mwenye majina tatu. Umoja wao ni wa nia, kama we na baba: watu wawili, lakini mukisema neno, ni neno moja. Yesu alipobatizwa yeye alikuwa mu maji, na sauti ilitoka juu. Aliyesema ni nani, kama si mwingine?

Utaniuliza juu ya nini nimekubali. Ni juu ya kazi yangu. Tangu utoto nimesikia mwili ni nguo, roho ikitoka basi. Lakini mi nafunga macho ya mutoto wa siku mbili, na siwezi kuamini kama niko nashika nguo. Siku yule muzee aliposema tumefanana na Mungu mpaka vidole, nililia mbele ya watu.

Usikasirike sana.

Mutoto wako Joëlla


Kigoma, 30 Agosti 1993

Mwanangu Joëlla,

Nimeipokea barua yako kutoka kwa Massoudi, yule fundi wa magari wa Buyenzi, aliyevuka kuja kutafuta vipuri. Ni mtu mwaminifu. Nimempa na hii akuletee. Huku mihogo imekauka kabla ya wakati, na mama yako mkubwa anaumwa magoti. Télesphore amemaliza kidato cha nne. Anafundisha kwaya ya kigango na anakula kama watu watatu. Tangu nilipovuka mpaka mwaka 1972 sijapata kusikia habari za nyumbani ambazo hazikuniumiza. Habari za baba yako Méthode na kura yake zilikuwa za kwanza. Nilicheka peke yangu. Kumbe kicheko kilikuwa cha nusu ukurasa.

Kiswahili chako kimeharibika, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili la pili.

Nimekuwa katekista kwa miaka kumi na tisa, na wewe ulikaa benchi la mbele. Mungu ni Roho. Hana kimo, hana upande, hana mahali anapoishia. Ukimpa mifupa umempa kipimo, na chenye kipimo kina mwisho. Ukisema ni watatu, kila mmoja na lake, umerudi kwenye miungu. Baba yumo ndani ya Mwana na Mwana yumo ndani ya Baba. Hawatengani hata kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyetufia. Sasa nijibu wewe na mzungu wako: kama ni wawili, nani alikufa, na nani alibaki juu akitazama?

Rudi kwa paroko, mwanangu. Tubu. Mpaka hapo nitapokea salamu zako, lakini ya dini usiniandikie.

Baba yako mkubwa, Aloys


Mutakura, 20 Februari 1994

Baba mukubwa,

Nakusalimu, na mama mukubwa, na Télesphore. Mi niko muzima. Naanza na hiyo kwa sababu yenye inafuata ni mubaya, kaa chini.

Baba hayupo tena. Jumatano tarehe tisa kifua kilimubana asubuhi, dawa ilikuwa imekwisha. Nilimwambia ungoje nitoke kazini, akasema duka la dawa iko karibu. Vijana walikuwa wameziba barabara na mawe. Walimuuliza anatoka wapi, anaitwa nani, wazazi wake ni wa wapi. Jirani aliona kutoka dirishani. Baba hakuweza kujibu haraka, juu ya pumzi. Hawakungoja.

Walimuleta ku morgue saa nane, pamoja na wengine tisa. Niliinua shuka, ni yeye. Walioleta walikuwa wamesimama pale wanavuta sigara, na mi sikupiga kelele. Niliandika namba. We unajua nimechukua sura ya kabila ya mama, si ya baba, na siku hizi sura ndiyo kitambulisho. Walipoondoka nilimuosha baba yangu. Massoudi, yenye anaendesha camion, lori ya hopitali, sasa, alinisaidia kumuzika vizuri, na msalaba, vile baba angependa. Padri alikuja. Sikuleta maneno ya kanisa langu pale.

Wale wazee wazungu waliondoka kisha ya rais kuuawa mwezi wa kumi. Walituambia musali mu nyumba mpaka amani irudi. Tulikuwa kumi na mumoja ku nyumba yangu siku ya Noeli. Jumapili iliyopita tulikuwa wane.

Ulinikataza ya dini, lakini uliniuliza swali, na mutoto anajibu akiulizwa na muzazi. Uliuliza nani alibaki juu akitazama. Ni Baba yake. Na mi naamini alilia machozi ya kweli, kwa sababu ana macho. Mungu yenye hana macho, Baba mukubwa, mi sijui nimuambie nini juu ya tarehe tisa.

Joëlla


Kigoma, Pasaka, 3 Aprili 1994

Mwanangu,

Misa ya Méthode imesomwa. Watu wa kwetu wote wa hapa walikuja, hata wale ambao hawasalimiani. Mimi ndiye niliyemfundisha Méthode kuogelea katika mto Rusizi. Hilo ndilo linalonijia, sijui kwa nini.

Sina nguvu ya kubishana nawe. Sali kwa unayemjua.

Télesphore hayupo nyumbani. Amepata kazi Kasulu, kwa mtu anayechoma chokaa. Usimwandikie, maana wanahamahama.

Ondoka Mutakura ukiweza.

Aloys


Buyenzi, 16 Julai 1995

Baba mukubwa,

Mwaka moja na zaidi bila barua. Nilituma mbili, sijui kama zilizama ama zilisomwa na wengine. Niliondoka Mutakura mwezi wa tatu. Nilitoka na ndoo na nguo nilizovaa. Sasa Massoudi na bibi yake Khadidja wamenipa chumba mu lupango yao, uani kwao. Khadidja anasali mara tano, mi nasali zangu, hatuulizani. Siku moja tu alisikia mafundisho yangu, akasema, "Astaghfirullah, Joëlla, Mungu na mifupa?" halafu akanipa chakula.

Mu kanisa nimebaki peke yangu. Wawili walikimbilia Uvira, mumoja nilimupokea kazini. Jumapili nasoma, naimba kidogo, namaliza.

Mama mukubwa na magoti yake? Mvua ilikuwa vizuri?

Nauliza kitu moja. Télesphore yuko wapi leo? Anaandika? Nakumbuka nilipokuwa kwenu jembe ilimukata mguu wa kushoto, dole gumba likabaki nusu. Mi ndiye nilimufunga na kitenge. Lilipona namna gani? Lilibaki limepinda ndani?

Niandikie hata mistari miwili. Ya dole na ya mahali yuko.

Joëlla


Kigoma, 10 Septemba 1995

Mwanangu Joëlla,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Huku tuko salama, isipokuwa wakimbizi wapya ni wengi na kuni zimekuwa shida. Mama yako mkubwa anakusalimu.

Télesphore yuko Mwanza siku hizi, kwenye kiwanda cha samaki. Chokaa ilimwumiza mapafu. Alituletea salamu juzijuzi kupitia dereva mmoja. Mama yake anamfumia sweta kwa sababu amesikia Mwanza kuna upepo.

Nimefikiri pia juu ya hayo machozi ya Mungu. Ni maneno mazuri, lakini ni ya mtu aliyefiwa, si ya mwalimu. Mungu halii kama sisi. Angelia kama sisi angeshindwa kutawala. Yeye anajua mwisho tangu mwanzo, nasi tunatulia ndani ya kujua kwake.

Kidole chake kilipona. Ndiyo, kilipinda kwa ndani. Kwa nini unauliza habari za kidole?

Kama kuna jambo, liseme. Au usiliseme. Sijui.

Aloys


Buyenzi, 21 Januari 1996

Baba mukubwa,

Nimesoma ile mistari yako ya mwisho mara nyingi. Mwezi wa kumi nilianza kukujibu, nikapasua. Noeli nikapasua tena. Leo Khadidja amekaa mulangoni, amesema hatatoka mpaka nimalize. Muambie mama mukubwa atoke kwanza, usome peke yako.

Ilikuwa tarehe kumi na moja mwezi wa sita mwaka jana. Siku zile walikuwa wanapigana upande wa Kamenge na Kinama, na camion zilikuwa zinakuja mara tatu kwa siku. Askari mumoja alisimama nasi. Alisema, "Hawa wa musituni hawaoshwi. Hesabu tu." Walikuwa kumi na sita. Nilihesabu kutoka upande wa miguu, kwa sababu nyuso zilikuwa zimefunikwa na matope. Ya kumi na mbili hakuwa na viatu. Dole gumba la kushoto lilikuwa nusu, limepinda ndani.

Nilisema mu roho, madole yenye imekatwa ni mingi. Nikafuta uso.

Ana ndevu, Baba mukubwa. Ni murefu kweli, miguu ilipita chuma ya kitanda. Risasi iliingia kifuani, na ingine hapa ku taya. Nafikiri ya kifua ndiyo ilikuja kwanza. Naona maiti nyingi, sikuambii tu kukufariji.

Askari aliniona nimesimama. Akasema, "Unamujua?"

Nikasema, "Apana."

"Mbona unamuangalia?"

"Apana, afande, nilipoteza hesabu."

Mara mbili nilisema apana. Nikaenda ku namba kumi na tatu.

Saa sita askari alienda kula. Sikuwa na muda wa kuosha wote. Nilimuosha yeye peke yake, na wengine kumi na tano nikawaacha na matope yao, na hiyo inanirudia kila siku, juu nao walikuwa na mikono ya kufanana na Mungu. Nilisali vile tunasali, kwa Baba, mu jina la Mwana. Nataka nikuambie ukweli: sikusikia kitu. Si amani, si sauti. Maji tu inaanguka ku sakafu ya sima. Naamini bado. Lakini sikusikia kitu.

Waliwapeleka ku shimo, Buterere, nyuma ya mashamba ya mupunga. Massoudi ndiye aliendesha. Alimutoa yeye kando, akachimba na mikono yake mwenyewe, akamulaza upande kama wanavyolaza Waislamu, kwa sababu ndiyo namna anajua. Alinionyesha mahali. Nilirudi mwezi wa kumi na mbili kisha ya mvua kubwa. Maji imefunika yote, mpaka huwezi kujua wapi ilikuwa shamba na wapi ilikuwa njia. Ukija siwezi kukuonyesha. Nakuomba musamaha kwa hiyo zaidi ya zote.

Hakuwa Mwanza. Sijui kama ulijua. Sikuulizi.

Joëlla


Kigoma, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, 2 Juni 1996

Joëlla mwanangu,

Masika imekwisha. Mama yako mkubwa sasa anatembea kwa fimbo. Wewe na watu wa nyumba ya Massoudi nawaombea uzima kila siku, na kwa Massoudi mwenyewe sina neno linalotosha. Mwambie hivyo.

Barua yako ilifika mwezi wa tatu. Kwa miezi yote hii nimemwambia kila aliyeuliza kwamba hakuna kilichokuja kutoka Bujumbura.

Leo paroko hakufika kigangoni, nikaongoza ibada mimi. Somo la Utatu nalifundisha kila mwaka. Nalijua kama njia ya kisimani. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye neno "hawatengani", sauti ilikatika. Nikajaribu tena, ikakatika pale pale. Watu wakadhani ni kifua, kama cha Méthode. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo, wakaimba mpaka nikaketi.

Hukuniuliza. Nitajibu hata hivyo.

Télesphore hakwenda Kasulu wala Mwanza. Siku barua yako ya kifo cha Méthode ilipofika, mama yake alikuwa shambani. Nilimsomea Télesphore kwa sauti. Alikuwa mezani na fomu za chuo cha ualimu, amekwisha kuzijaza. Akaniuliza, "Baba, tufanye nini?" Aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa tuombe, tufanye matanga. Nami nikamwambia, "Damu ya baba yako mdogo inalia, na wewe unajaza fomu?"

Alizikunja zile karatasi, akaziweka kabatini. Wiki hiyo hiyo nilimpeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, hadi kwa mtu aliyekuwa akikusanya vijana makambini waende vitani. Nikamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Aliinama ili nimfikie.

Nilikuuliza: kama ni wawili, nani alikufa, na nani alibaki juu akitazama? Nilidhani ni swali la kukushinda. Wewe ulilijibu kwa machozi, na ukanionea huruma bila kujua. Imani yangu inasema Mungu hakumtanguliza mwingine; alijitoa mwenyewe. Nitazikwa nayo hiyo, mwanangu, na sababu si ile niliyofundisha miaka yote. Ni kwamba ile ya kwenu siwezi kuitazama. Baba upande huu, Mwana upande ule, kila mmoja na mwili wake. Na Baba ni mzima, ana miguu ya kutembea, ana mikono, lakini anayekwenda ni mwingine. Huyo baba ninamjua. Namnyoa ndevu kila asubuhi.

Kwa hiyo sitakuambia tena uache kanisa lako, wala wewe usinikaribishe humo. Ile apana uliyomwambia askari usijihukumu kwayo. Wewe uliisema mara mbili ili uishi. Mimi nilisema Kasulu, nikasema Mwanza, nikakaa nikimtazama mke wangu akifuma sweta.

Jana mchana nilimwambia. Alikuwa akipepeta mchele uani. Nilimwambia yote: fomu, msalaba, Buterere, maji. Hakulia. Aliendelea kupepeta mpaka mchele ukaisha, akauweka ungo chini, ndipo akaniuliza:

"Siku ile uliyompeleka, ulirudi hapa ukala chakula changu?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Nilikula."



Ni mimi, Aloys